Mikono Iliyoijenga Kushi



Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunakutana na msafiri mmoja aliyeketi garini mwake akisoma maneno ya nabii Isaya. Mtu huyo alikuwa mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Waethiopia, naye Filipo akambatiza njiani. Simulizi hilo twalisikia mara nyingi kanisani, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza malkia huyo alitawala wapi. Hazina hiyo ilikuwa ya nchi gani? Watu wa nchi ile walijenga nini, waliabudu katika mahekalu ya namna gani, waliwazikaje wafu wao?

Waandishi wa Kigiriki wa zamani waliita Ethiopia nchi zote za watu weusi zilizo kusini ya Misri. Kwa hiyo nchi ya Kandake siyo Ethiopia ya leo. Ni Kushi, dola iliyokuwa kando ya mto Nile katika nchi tunayoiita sasa Sudan. Na Kandake lilikuwa jina la cheo walichopewa wanawake wakuu wa ukoo wa kifalme. Mji mkuu wa siku zile uliitwa Meroe. Nchi hiyo iko mbali nasi, lakini sehemu ya maji yapitayo mbele ya magofu yake ni maji yetu pia: Ziwa Edward huyamwaga maji yake kwa mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka huko yanashika njia ya Nile kuelekea kaskazini.

Tuyatazame basi majengo ya Kushi, ya udongo na ya mawe. Tutaona pia jinsi wajenzi wake walivyonyang'anywa sifa yao kwa muda mrefu, na jinsi majengo yenyewe yalivyowatolea ushuhuda.

Kerma, mji wa udongo

Kabla ya Meroe ulikuwapo mji wa Kerma, karibu na maporomoko ya tatu ya Nile. Ufalme wake ulistawi tangu mnamo mwaka 2500 hadi mnamo mwaka 1500 kabla ya Kristo. Katikati ya mji lasimama hadi leo jengo kubwa ambalo wenyeji huliita Deffufa. Limejengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Urefu wake wapata mita 50, upana mita 25, na baada ya miaka zaidi ya 3500 ya upepo na jua, bado kimo chake ni mita 18 hivi. Anayeingia ndani hakuti kumbi pana. Sehemu kubwa ya jengo ni matofali matupu, tabaka juu ya tabaka, na ngazi nyembamba inayopanda hadi juu. Wachunguzi wanaliona kuwa hekalu kuu la mji, lililojengwa upya na kupanuliwa mara nyingi, kizazi baada ya kizazi.

Karibu na hekalu hilo palikuwa na jumba jingine ambalo lingewafanya wazee wetu watabasamu kwa kulitambua: nyumba kubwa ya duara, yenye nguzo za miti na paa la nyasi lililochongoka juu. Wachunguzi wanaiona kuwa baraza ya mfalme. Misri, jirani tajiri wa kaskazini, haikuwa na desturi ya kujenga mabaraza ya namna hii. Watu wa Kerma waliyajua majengo ya jirani yao, wakachukua waliyoyapenda, lakini walipotaka kumpa mfalme wao mahali pa kuketi, walijenga kwa umbo walilorithi.

Wafinyanzi wao nao walifika mbali. Walitengeneza vikombe na mabakuli kwa mkono tu, bila gurudumu la kufinyangia. Sehemu ya chini ni nyekundu, ya juu ni nyeusi yenye kung'aa, na kati ya rangi hizo mbili umepita mstari wa kijivu kama fedha, uliotokana na moto na majivu wakati wa kuchoma. Unene wa ukuta wa chombo ni milimita chache tu. Yeyote aliyewahi kumwona mama akifinyanga chungu kijijini atajua ni subira ya namna gani iliyohitajika hapo.

Nje ya mji, upande wa mashariki, liko eneo la makaburi makumi ya maelfu. Maiti alilazwa kitandani, kwa ubavu, miguu ikiwa imekunjwa kama ya mtu aliyelala usingizi. Aliwekewa viatu vyake vya ngozi, vyombo vya chakula, na pengine upepeo wa manyoya ya mbuni. Juu ya kaburi walirundika tuta la udongo la duara. Tuta la mkuu mmoja lilizungukwa na mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4000, yaliyopangwa kwa safu. Watu waliompenda au kumwogopa walileta mifugo yao kutoka pande zote. Matuta ya wafalme wa mwisho yalifikia kipenyo cha mita 90. Karibu nayo walijenga vikanisa vya mazishi vya matofali, ambavyo kuta zake zilichorwa merikebu, ng'ombe, twiga na viboko.

Hapa lakini tusifumbe macho. Mfalme wa Kerma hakuzikwa peke yake. Katika ujia wa tuta moja walikutwa watu zaidi ya 300, wanaume, wanawake na watoto, waliouawa ili wamfuate bwana wao. Mikono iliyojua kufinyanga kikombe chembamba vile ilikuwa ya jamii iliyoweza pia kutenda jambo hili. Anayependa historia ya Afrika hana budi kuyapokea yote mawili.

Sanamu mbili na hukumu moja

Tangu mwaka 1913 hadi 1916 Mmarekani George Reisner, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, alichimba Kerma. Alikuwa mtaalamu makini. Aliandika, alipima na kupiga picha kila kitu, na kazi yake yatusaidia hata leo. Katika tuta mojawapo kubwa alikuta sanamu za Kimisri: moja ya liwali aitwaye Hepzefa, na nyingine, nzuri ajabu, ya mkewe Sennuwy. Reisner akatoa hukumu. Kwake, Hepzefa alitumwa na Farao kuitawala Kerma, akafia hapo na kuzikwa kwa desturi za wenyeji. Mji wote ulikuwa kituo cha Wamisri, na Deffufa ilikuwa ngome yao.

Hukumu hiyo ilikuwa na kasoro ambazo Reisner mwenyewe angeweza kuziona. Kaburi la Hepzefa lilijulikana tayari: liko Asyut, katika Misri yenyewe. Tena liwali huyo aliishi karne kadhaa kabla tuta lile halijajengwa. Kwa nini basi mtu makini hivyo alipita kando ya ushahidi? Kwa sababu alikuja na jibu moyoni. Aliamini, kama wasomi wengi wa kizazi chake, kwamba watu weusi hawangeweza kuanzisha wenyewe ustaarabu mkubwa. Alipoona kazi njema, akamtafuta mgeni wa kuibeba sifa yake.

Ukweli ulirudi polepole. Wachimbaji waliofuata, na hasa Charles Bonnet wa Uswisi, aliyeanza kazi huko Kerma katika miaka ya 1970, walifunua mji mzima: mahekalu, nyumba, maghala, tanuru, kuta za ulinzi. Ilionekana wazi kwamba Kerma ilikuwa mji mkuu wa ufalme uliojitawala. Na zile sanamu? Mnamo mwaka 2003 maandishi yaliyosafishwa katika kaburi la liwali mmoja huko el-Kab, Misri, yalieleza jinsi jeshi la Kushi pamoja na washirika wake lilivyoishambulia Misri na kupenya hadi ndani. Hivyo tunaelewa jinsi vitu vya thamani vya Kimisri vilivyoweza kuishia katika makaburi ya Kerma: vingi vilikuwa nyara za vita. Sanamu zilizodhaniwa kuwa ushahidi wa utumwa wa Kushi zilikuwa ushahidi wa nguvu zake.

Yaliyowapata watu wa Kerma yaliwapata pia wajenzi wa Zimbabwe Kuu, ambao kuta zao za mawe zilisemwa kuwa za Wafoinike au za malkia wa Sheba, mpaka uchunguzi wa mwaka 1905 na ule wa 1929 ulipothibitisha kwamba Waafrika wenyewe ndio waliozijenga. Hapo pia mawe hayakubadilika. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji.

Mlima mtakatifu

Mnamo mwaka 1500 kabla ya Kristo majeshi ya Misri yaliiteketeza Kerma na kuitawala nchi kwa karne nyingi. Wamisri walikuta mbele yao mlima wa mawe ya mchanga usimamao peke yake jangwani, wenye kimo cha mita 100 hivi, ambao leo huitwa Jebel Barkal. Upande mmoja umejitenga mnara wa jiwe, na kwa mbali waonekana kama nyoka aliyeinua kichwa, ile alama waliyoivaa mafarao kwenye paji la uso. Wakasema mungu wao Amoni anakaa ndani ya mlima huo, wakamjengea hekalu chini yake.

Watawala wa Misri waliondoka, lakini hekalu na ibada vikabaki mikononi mwa watu wa Kushi, nao wakavifanya vyao. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo mfalme wao Piye alishuka na jeshi lake kando ya Nile, akaitiisha Misri yote. Kumbukumbu ya vita hivyo alichongesha kwenye jiwe lenye mistari 159, na ndani yake twasoma jambo lisilo la kawaida: alipoingia mji mmoja uliozingirwa, kilichomkasirisha sana ni kuona farasi wa adui wamekondeshwa kwa njaa. Huko el-Kurru, mahali alipozikwa, wamekutwa farasi 24 wa wafalme wa ukoo huo, waliozikwa wakiwa wamesimama.

Piye alilipanua hekalu la Jebel Barkal, na warithi wake wakajenga na kutengeneza mahekalu katika Misri na Kushi pia. Mmoja wao, Taharka, aliyetawala tangu mwaka 690 hadi 664, anatajwa katika Biblia kwa jina la Tirhaka, mfalme wa Kushi, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 19. Yeye alijengewa huko Nuri piramidi iliyo kubwa kuliko zote za Kushi, yenye ubavu wa mita 52 hivi.

Meroe, piramidi na malkia

Baadaye makao ya wafalme yalihamia kusini, Meroe, penye miti ya kuchomea makaa na mawe ya chuma. Marundo ya takataka za uyeyushaji wa chuma yangali yanaonekana hapo. Na upande wa mashariki wa mji, juu ya vilima, zimesimama piramidi nyingi, nyembamba na zenye kuchongoka, nyingi zikiwa chini ya mita 30 kwa kimo. Ukihesabu za Sudan yote utapata zaidi ya 200.

Ni kosa kuziona kama nakala ndogo za Misri. Katika piramidi kuu za Giza, chumba cha Farao kimo ndani ya jengo au chini yake, na jengo lilianzwa yeye akiwa hai. Huko Meroe walichimba ngazi iliyoshuka hadi katika vyumba vilivyochongwa mwambani, wakamzika mfalme, wakaifukia ngazi, ndipo piramidi ikasimamishwa juu. Upande wa mashariki waliweka kikanisa kidogo cha sadaka, kikitazama jua linapochomoza. Mjenzi Friedrich Hinkel, aliyezitengeneza upya baadhi yake, alieleza jinsi mawe yalivyopandishwa: katikati walisimamisha mti mrefu wenye wenzo, mfano wa ule wa kutekea maji mtoni, na kwa huo wakainua jiwe baada ya jiwe. Njia hiyo ndiyo iliyolazimisha umbo jembamba. Kwenye ukuta wa kikanisa kimoja alikuta mchoro wa nusu ya piramidi, uliochorwa na fundi wa zamani ili kuongoza kazi. Kisha kuta zilipakwa lipu na rangi. Yale mawe ya kahawia tunayoyaona kwenye picha yalikuwa yamevikwa vazi.

Ukitaka kuuona uso wa Kandake, nenda kwa mawazo hadi Naga, kusini-magharibi ya Meroe. Huko mfalme Natakamani na malkia Amanitore walimjengea Apedemak, mungu wao mwenye kichwa cha simba, hekalu la mawe, katika karne ya 1 baada ya Kristo. Kwenye ukuta wa mbele mfalme amechongwa upande mmoja akiwapiga adui zake, na upande wa pili amechongwa malkia akifanya vilevile, kimo kwa kimo, silaha mkononi. Mwili wake ni mnene, wa mama mwenye heshima na mali, kucha zake ndefu, shingo imejaa mapambo. Mchongaji hakumwazima uzuri wa malkia wa nchi nyingine. Naye mtunza hazina wa Matendo ya Mitume aliishi katika karne hiyohiyo.

Kandake mwingine, Amanirenas, alipigana na Warumi miaka michache baada ya mwaka 25 kabla ya Kristo. Mwaka 1910 John Garstang alichimbua huko Meroe kichwa cha shaba nyeusi cha Kaisari Augusto, kilichokatwa kutoka kwenye sanamu yake na kuzikwa chini ya kizingiti cha hekalu, ili kila aingiaye amkanyage. Leo kichwa hicho kiko London.

Mwivi na mchanga

Mwaka 1834 mganga wa Kiitalia, Giuseppe Ferlini, alifika Meroe akitafuta dhahabu. Akaibomoa piramidi ya malkia Amanishakheto kuanzia juu, akapata bangili, pete na vito vya kupendeza. Alipovipeleka Ulaya kuviuza, walikuwapo waliosema ni vya bandia, kwa kuwa hawakusadiki kwamba kazi kama ile yaweza kutoka katika moyo wa Afrika. Mwishowe vilinunuliwa, na sasa viko Munich na Berlin. Tazameni ajabu hii: piramidi ilivunjwa kwa tamaa ya kazi ambayo wanunuzi walikataa kuamini kwamba imefanywa na waliojenga piramidi hiyo.

Maandishi ya Meroe nayo yanatufundisha unyenyekevu. Mwingereza Francis Griffith alifaulu kuzitambua sauti za herufi zake mnamo mwaka 1911. Twaweza kuyasoma kwa sauti majina ya wafalme na miungu, lakini sehemu kubwa ya lugha yenyewe bado haijaeleweka. Kwa hiyo majengo, vyungu na michongo vinabeba mzigo mkubwa wa ushuhuda. Kinapovunjwa kimoja, hakuna kitabu cha kushika nafasi yake.

Ndiyo maana habari za siku zetu zinaumiza. Tangu Aprili 2023 vita vimeiangamiza Sudan, vikiua watu na kuwafukuza mamilioni makwao. Jumba la makumbusho la taifa huko Khartoum, lililotunza hazina za Kerma, Napata na Meroe pamoja na michoro ya kanisa kuu la kale la Faras, lilikutwa limeporwa wakati jeshi liliporudi mjini mwezi wa Machi 2025. Uhai wa mtu hulinganishwi na sanamu. Mtoto mmoja wa Khartoum ana thamani kuliko dhahabu yote ya Amanishakheto. Lakini anayemnyang'anya mtu nyumba na chakula, kisha akauza hata kumbukumbu za babu zake, anamfukuza mara mbili.

Tuchukue nini?

Kwanza, tujifunze kutazama kabla ya kuhukumu. Reisner hakukosa vipimo wala elimu. Alikosa utayari wa kushangazwa. Kosa hilo si la Wazungu peke yao. Kila mmoja wetu anayeisikia kazi njema ya kabila jingine akauliza mara moja ni nani aliyewafundisha, anasimama mahali pale aliposimama yeye.

Pili, tusiponye uongo kwa uongo mtamu. Wako wanaotaka Kushi iwe paradiso isiyo na dhambi, chanzo cha kila elimu duniani. Kushi haihitaji zawadi hiyo. Inatosha kusema iliyo kweli: walikuwapo watu weusi kando ya Nile waliojenga, waliotawala, waliojifunza kwa jirani bila kujidharau, waliowaua watumishi wao makaburini, na waliomchonga malkia sawa na mfalme. Jamii hiyo ilikuwa ya wanadamu kamili, na historia ya mwanadamu kamili ndiyo tuliyonyimwa.

Tatu, tutunze kilicho karibu. Kongo nayo ina vitu vyake vya kale: misalaba ya shaba ya Katanga, vyungu vilivyochimbuliwa katika makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale, vinyago vingi ambavyo sasa viko katika jumba la Tervuren huko Ubelgiji. Tena kuna kazi ambazo hazijaingia katika makumbusho yoyote: chungu cha bibi, kiti kilichochongwa na babu, namna ya kusuka ukuta wa nyumba. Waulizeni wazee, wangali hai, nani aliyevitengeneza na kwa njia gani. Andikeni majibu, tarehe na jina la fundi. Wajenzi wa Deffufa walifanya kazi kwa miaka elfu moja, na hatulijui jina la hata mmoja wao.

Maswali ya kuzungumzia pamoja katika kikundi

1. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, msafiri wa Kushi anajua kusoma, anatunza hazina, na anauliza maswali. Tukijua nchi yake ilivyokuwa, tunaielewaje upya sehemu hiyo ya Biblia?

2. Je, tumewahi kulipa kabila, kijiji au mtu mwingine sifa isiyo yake, kwa sababu hatukuamini kwamba mwenye kazi angeweza kuifanya?

3. Ni kitu gani cha kale katika parokia au mtaa wetu ambacho hakuna aliyekiandika habari zake? Nani atamwendea mzee anayezijua, na lini?